Mvumbuzi wa chuo ajue haki yake mapema

Mhadhiri anapovumbua kitu kwa vifaa vya chuo, hataza ni ya nani na mrabaha ugawanywe vipi? Swali hili lijibiwe kwa maandishi, kabla fedha hazijaonekana.

Mwaka 1965, Dkt. Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitengeneza kinywaji cha Gatorade. Biashara iliponoga, mgogoro kati ya chuo na wavumbuzi kuhusu mrabaha ukafika mahakamani. Suluhu ya miaka ya 1970 ilikipa chuo asilimia 20 ya mrabaha.

Chuo Kikuu cha Stanford kina kanuni iliyo wazi: hukatwa asilimia 15 za kuendeshea ofisi ya leseni pamoja na gharama za hataza, kisha kinachobaki hugawanywa sawa kati ya mvumbuzi, idara na kitivo.

Vyuo vya Afrika Mashariki navyo viwe na kanuni kama hiyo. Kila mtafiti aisome anapoajiriwa, mwanafunzi aliyeshiriki asiachwe nje, na chuo kigharimie maombi ya hataza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mabaraza ya vyuo yaanze kazi hiyo sasa.