Mita Inalipa, Jina Linadaiwa

Nyakitonto, kwenye nyanda za juu za Buha kati ya Kasulu na Kibondo, mzee akifariki na kuacha shamba la maharage na migomba, mgawo wake hauanzii ofisini. Unaanzia kwenye kikao cha ukoo baada ya kuondoa matanga, mbele ya wazee wanaojua mpaka umepita wapi. Shamba hilo, likiwa ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Wizara ya Ardhi haiji kulidai pango kila mwaka. Ugumu unakuja pale ambapo marehemu alijibana akanunua kiwanja mjini Kasulu, akapewa hati, akajenga vyumba vinne, viwili vya kukaa na viwili vya kupangisha. Shamba wanaligawana kwa wiki moja. Nyumba ya mjini inawashinda kwa miaka kumi.

Nyumba hiyo ina kodi mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Mita haiulizi kama mwenye nyumba yu hai. Anayenunua umeme ndiye anayelipa, awe mjane, mpangaji au mtoto wa mwisho aliyebaki kulinda nyumba. Nyumba ikifungwa, deni linasubiri. Iliyofungwa tangu Agosti 2021 hadi mwisho wa Juni 2025 imelimbikiza 59,000, na atakayefungua mlango na kununua umeme wa kwanza ndiye litakayemwangukia.

Ya pili ni kodi ya pango la ardhi, chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Hii haina habari na mita. Inafuata jina lililo kwenye hati. Jina likiwa la marehemu, na simu yake ilishazimwa au laini imepewa mtu mwingine, hakuna anayepata taarifa kwamba mwaka umeisha na malipo hayajafika. Riba inaanza juu ya deni, na hati inaendelea kulala kwenye sanduku la nguo za marehemu.

Kwa hiyo katika nyumba moja, kodi moja inalipwa kimyakimya na mtu asiyetambuliwa, na nyingine inalimbikizwa kwa jina la mtu asiyeweza kujibu. Hapo ndipo penye dhuluma, na kwa maoni yangu serikali na ukoo wote wana sehemu yao ndani yake.

Nianze na ukoo. Sheria haijaacha pengo. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linamtaka msimamizi wa mirathi akusanye mali ya marehemu, alipe madeni yake pamoja na gharama za usimamizi, ndipo agawe kilichobaki. Deni kwanza, mgawo baadaye. Sisi tunafanya kinyume. Tunagawana vyumba kwa maneno, huyu wa mbele, yule wa nyuma, na deni la pango tunamwachia atakayekuja kutaka kuuza. Anapofika ofisi ya ardhi kuhamisha miliki, anaombwa risiti za kodi na barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Barua haipo, kwa sababu mirathi haikufunguliwa. Haikufunguliwa kwa sababu hakuna aliyetaka kutoa nauli ya kufuata cheti cha kifo, kuandika muhtasari wa kikao na kwenda Mahakama ya Mwanzo, kisha ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni. Kazi hiyo ni ngumu, sikatai. Lakini kila mwaka inaposogezwa mbele, bei yake inapanda.

Na anayelipa bei hiyo mara nyingi ni mwanamke. Tamko la Sheria za Mila la 1963, lile la Tangazo la Serikali Na. 436, linalotajwa hadi leo katika wilaya nyingi, linamweka binti daraja la mwisho la urithi, na mjane halimpi fungu mumewe akiacha ndugu wa ukoo. Linamwambia atatunzwa na watoto wake. Mjane huyohuyo ndiye anayenunua umeme. Akikatwa 1,500 kila mwezi kwa miaka mitano, amelipa 90,000 kwa ajili ya nyumba ambayo wakwe watakuja kumwambia si yake. Siku ya kikao wanahesabu vyumba, mabati na miti ya matunda. Hayupo anayehesabu tokeni.

Buha imeshaona haya. Wajerumani walipoleta kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaiendeleza kwa Sheria ya Kodi ya Kibanda na Kichwa ya 1922, wanaume wa Kiha walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga ili wapate fedha ya kulipa. Nyumba zilibaki na wanawake. Sasa watoto wako Dar es Salaam na Mwanza badala ya Tanga. Anayebaki na mzigo wa nyumba hajabadilika.

Upande wa serikali, mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia msamaha wa riba kwa malimbikizo ya pango la ardhi kwa yeyote atakayelipa deni la msingi, na muda ukaongezwa hadi 2023. Familia nyingi zilipumua, na mimi niliufurahia. Hata hivyo msamaha wa msimu una kasoro inayoniuma. Aliyekopa kikundini mwaka mmoja kabla ili alipe deni pamoja na riba hakurudishiwa kitu, na aliyekaa kimya akafaidika. Na familia iliyokuwa bado haijapata msimamizi ilisikia tangazo redioni bila kuwa na mtu wa kulitumia.

Ningependelea kanuni ndogo ya kudumu: mmiliki akifariki, riba ya pango isimame kwa miezi 12, mradi familia ipeleke cheti cha kifo ofisi ya ardhi. Deni la msingi libaki palepale. Wapo watakaosema matajiri wataficha viwanja nyuma ya mirathi isiyoisha. Hofu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana muda uwe na mwisho na saa ianze kuhesabu siku ya kifo, isisubiri siku ambayo familia itajisikia kwenda mahakamani. Baada ya hapo riba irudi kwa nguvu zote. Serikali haipotezi kikubwa: leo inadai riba kutoka kwa maiti, na haipati.

Mahakama ya Mwanzo nayo ina nafasi ambayo haihitaji sheria mpya. Hakimu anapopokea orodha ya mali na madeni, aulize swali moja: nani amekuwa akilipa kodi ya nyumba hii tangu mwenyewe afariki, na kiasi gani? Jibu liandikwe kama deni ambalo mirathi inadaiwa na mtu huyo, lilipwe kabla ya mgawo kama madeni mengine.

Hapo ushahidi ndio utakaoamua. Ujumbe wa LUKU unaonyesha kiasi kilichokatwa, lakini simu ikiharibika au ikiibiwa, miaka mitano inapotea nayo. Kwa hiyo mama anayekaa kwenye nyumba ya marehemu mumewe pale Kasulu anunue daftari la kurasa 40 leo, na kila anapoingiza tokeni aandike tarehe, namba ya mita na kodi iliyokatwa, kisha alihifadhi kwenye sanduku lilelile lenye hati.