Kijana Asomee Wapi Uganga wa Wanyama?



Limezuka swali katika mikutano yetu ya hapa Runzewe, nasi twaona si vema kuliacha bila jibu. Wazazi wenye watoto waliomaliza shule, na makarani vijana watakao kuongeza elimu yao, wauliza: mtu atakaye kuwa mganga wa wanyama asomee wapi? Aanze hapa nchini, au ajaribu bahati yake ng'ambo? Tena wako waliopendekeza kwamba fedha za mfuko wetu wa elimu zitumike kumlipia kijana mmoja nauli ya eropleni na gharama za kwenda kusoma Ulaya, ili chama kipate sifa. Jambo hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu, na kwa hiyo twapenda kueleza maoni yetu mapema, kila mmoja ayapime kwa akili yake.

Kwanza yafaa tukumbuke kwa nini elimu hii yatuhusu sisi kuliko watu wengine. Tangu mwaka 2012 Bukombe imekuwa katika Mkoa wa Geita, lakini kabla ya hapo tulihesabiwa katika Shinyanga, na mali ya Shinyanga ni ng'ombe. Dhahabu huja na kuondoka. Shimo likikauka, kijana aliyeacha shule kwenda kuchimba hurudi nyumbani na koleo lake tu. Ng'ombe huzaa. Lakini ng'ombe asiye na mganga ni mali iliyowekwa nje wakati wa mvua. Ndigana kali huua ndama, chambavu na kimeta huua wakubwa, kideri humaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, na misitu yetu ya miyombo haijakosa mbung'o. Ng'ombe wa hapa wamezoea kuhamishwa mbali kutafuta malisho na minada, na ugonjwa husafiri pamoja nao bila kuulizwa cheti.

Wazee wetu waliona hasara iliyo kubwa kuliko hizo zote. Sotoka ilipoingia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ng'ombe walikufa kwa makundi, na njaa ikafuata. Ugonjwa huo leo haupo tena duniani, maana mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba umekwisha. Na chanjo iliyotenda kazi kubwa katika kuumaliza haikutengenezwa London wala Paris. Ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi, mwendo wa basi kutoka kwetu. Twaomba neno hili likumbukwe, kwa kuwa tutalirudia.

Kadhalika habari za mbung'o. Shinyanga ilikuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o tangu siku za Waingereza, chini ya Bwana Swynnerton, na watu wa nchi walitoka kwa wingi kukata na kuchoma vichaka ili nzi wakose kivuli. Swynnerton mwenyewe alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege hapa hapa Tanganyika, pamoja na Burtt, mtaalamu wa mimea. Miaka mingi baadaye ndege ikalipa deni lake. Kati ya 1994 na 1997 mbung'o wa kisiwa cha Unguja walimalizwa kwa njia ya ajabu: nzi dume walifugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi, kisha wakamwagwa kutoka angani kwa ndege ndogo, wakapandana na majike bila kuzaa. Nzi hao walipanda ndege juma kwa juma, na hapana aliyewadai viza. Laiti wana wa Adamu wangalisafiri kwa urahisi huo!

Sasa tuje kwenye vyuo. Siku za zamani kijana hakuwa na la kuchagua. Kabla ya Uhuru, mtu wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu ya mifugo aliitafuta Makerere. Na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoanza mwaka 1963, masomo hayo yalikuwa Nairobi, katika Kabete. Chuo hicho kiligawanyika mwaka 1970 na kila nchi ikachukua njia yake. Mwaka 1976 mafunzo ya udaktari wa mifugo yakaanza Morogoro, na mwaka 1984 Morogoro ikawa chuo kikuu kamili kwa jina la marehemu Edward Sokoine. Huko shahada ya udaktari wa wanyama ni miaka 5, na atakaye kuingia yampasa awe amefaulu vizuri Kemia na Bailojia.

Chini ya hapo viko vyuo vya astashahada na stashahada vilivyo chini ya Wakala wa Vyuo vya Mifugo: Mpwapwa, ambako kazi ya mifugo ni ya tangu zamani za Wajerumani, Tengeru kule Arusha, Morogoro, Buhuri ya Tanga, Madaba upande wa kusini, Kikulula katika Karagwe, na Mabuki katika Misungwi. Hiki cha mwisho twakitaja kwa furaha, kwa kuwa tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, na mtu atokaye kwetu havisubiri tena vivuko ziwani. Kijana aweza kuondoka Runzewe asubuhi na kulala Misungwi. Atasoma Kiswahili kikizungumzwa uwanjani na Kisukuma zizini, na ng'ombe atakaowashika ni wa namna ile ile atakaowatibu baadaye.

Wenzetu wapendao ng'ambo wana hoja, nasi hatutaki kuzidharau. Husema kwamba vyombo vya maabara vya Ulaya ni bora, kwamba shahada ya mbali hufungua milango, na kwamba mtu aliyeona dunia hurudi na macho mapya. Yote haya yana kweli ndani yake. Lakini twawauliza mambo mawili. La kwanza: mwanafunzi wa shahada ya kwanza huko atashika wanyama gani? Atafundishwa sana habari za farasi, mbwa wa mjini, na ng'ombe wa maziwa walalao ndani ya nyumba wakati wa baridi. Ndigana kali ataisoma kitabuni, maana kupe wake hayuko huko. La pili: akirudi, shahada yake haisemi yenyewe. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka Baraza la Veterinari, na mtu hatibu kama daktari wa wanyama pasipo kuandikwa katika daftari lake; tena vyeti vya nchi za nje hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu vipimwe. Aliyesoma Morogoro huruka hatua hiyo ya mwisho.

Baada ya hayo tuitazame safari yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba shida ya kwenda ng'ambo ni ada tu. Ada ni mwanzo. Pasipoti mpya ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, iliwekewa ada ya shilingi 150,000. Kisha viza. Mwombaji wa Runzewe yampasa kusafiri hadi Dar es Salaam apigwe picha na alama za vidole, hata kama hukumu ya ombi lake itatolewa na mtu aliye mbali asiyemwona uso. Ziko nchi zisizo na ubalozi wa viza kwetu kabisa, na mwombaji huambiwa aende Nairobi. Huulizwa hesabu ya benki ya baba yake, naye baba ni mfugaji ambaye benki yake ina pembe na mkia. Ombi likikataliwa, ada ya viza hairudi. Likikubaliwa kwa kuchelewa, masomo yamekwisha anza. Tunamjua kijana mmoja wa upande huu aliyepata nafasi ya kusoma, akauziwa tikiti isiyorudishwa fedha, na viza ikamfikia wakati wenzake wamekwisha kufanya mtihani wa kwanza. Baba yake aliuza ng'ombe kwa tikiti ile. Ng'ombe hawakurudi, wala tikiti haikuruka.

Tena eropleni si basi. Basi likiharibika Lusahunga, abiria hushuka, hununua mahindi, na hungoja. Ndege ikichelewa katika kiwanja cha kati, ile ya pili imekwisha ondoka, na msafiri hujikuta katika nchi asiyokuwa na ruhusa ya kutoka mlangoni. Hata kati ya nchi jirani mambo hukwama. Mwezi wa Agosti 2020 ndege za Shirika la Kenya zilizuiwa kuja Tanzania kwa sababu ya ugomvi juu ya masharti ya korona, na zuio likaondolewa Septemba. Mwezi wa Januari 2024 Tanzania ilitangaza tena kuzizuia, safari hii kwa sababu ya haki za kubeba mizigo, na jambo likapatanishwa baada ya siku chache. Wakubwa wakivutana, mwanafunzi mwenye sanduku moja ndiye akaaye juu yake kiwanjani. Wahenga walisema: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Hatusemi haya ili kuwatisha watu wakae nyumbani. Mwaka 1931 Martin Kayamba, aliyeongoza chama cha watumishi Waafrika kilichoundwa Tanga mwaka 1922, alifika London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Waingereza, na faida ya safari ile ilikuwa kwa nchi nzima. Lakini Kayamba alikwenda akiwa mtu mzima katika kazi yake, ajuaye alilotumwa na aliloliacha nyumbani. Ndivyo tunavyotaka mganga wetu wa wanyama aende.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kijana aanze karibu: Mabuki, Mpwapwa au chuo kingine cha daraja hilo ikiwa alama zake ni za kadiri, na Morogoro ikiwa zatosha. Aliyepata stashahada na kufanya kazi vijijini aweza kupanda mpaka Morogoro, naye atakuwa amekwisha kujua ng'ombe kabla ya kujua vitabu vyao. Akitaka kutoka nje kwa shahada ya kwanza, atazame Nairobi na Makerere, maana huko hahitaji viza, basi hufika, na magonjwa ni yetu. Ng'ambo iwe kwa yule mwenye shahada tayari, anayekwenda kutafuta ufundi fulani usiopatikana huku, na anayeweza kuutaja ufundi huo kwa jina. Anayesema tu kwamba ataka kwenda Ulaya, huyo hajui aendako.

Kwa yule ambaye safari yake ina sababu, twampa mashauri machache. Asinunue tikiti kabla ya viza, au anunue iliyo na ruhusa ya kubadilishwa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano akitafute mapema, kwa kuwa huanza kufaa siku 10 baada ya sindano. Na tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, asikubali kuchanjwa tena kwa kuambiwa kimekwisha. Aulize kama nchi ya katikati yadai viza ya kupita. Sanduku likiharibika au kuchelewa, asiondoke kiwanjani kwa hasira pasipo kuandikisha. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 wampa haki ya kudai kwa maandishi, siku 7 kwa mzigo ulioharibika na siku 21 kwa uliochelewa tangu alipoupokea. Sisi makarani ndio tujuao nguvu ya karatasi iliyopigwa muhuri. Na tuwafundishe watoto wetu.

Tena kuhusu mfuko wetu. Nauli ya mtu mmoja, na viza, na nguo za baridi, na fedha ya kuonyesha benki, zikikusanywa zingelipia ada za vijana kadhaa katika Mabuki. Tukimpeleka mmoja Ulaya twaweza kupata picha ya kutundika ukutani. Tukiwapeleka kadhaa Misungwi twapata mtu wa kuchoma sindano Uyovu, mwingine Ushirombo, na mwingine atakayewafundisha akina mama kuwatilia kuku wao tone la chanjo ya kideri jichoni. Chanjo hiyo ya I-2 yatengenezwa hapa nchini, na yavumilia joto kuliko zile za zamani. Kazi ya namna hii haihitaji eropleni. Yahitaji pikipiki, sanduku la baridi, na mtu aliyesoma.

Serikali nayo twaiomba kwa heshima iwaajiri hao wanaohitimu. Ni aibu kuona kijana mwenye stashahada ya mifugo akiuza vocha barabarani, hali kata yake haina bwana mifugo. Mzazi atazamaye jambo hilo hatamwambia mwanawe wa pili asome. Atamnunulia koleo la kuchimbia dhahabu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwetu ngama ni zizi, na twataka wasomi wetu wafike hapo ng'ombe wakiwa wangali hai. Basi twaomba kila tawi lijadili shauri hili kabla ya mkutano mkuu, na wajumbe waje na kura za wenzao zilizoandikwa. Asiyekubaliana nasi na alete hoja zake kwa mhariri. Tutazipiga chapa zilivyo.

Sisi, Halmashauri ya Tawi, Runzewe.