Neno la Mhariri: Wimbo wa Kwanza na Majira Yake

Katika nchi ya Japani mwaka wa shule hukoma mwezi wa Machi na kuanza upya Aprili, na kwa kuwa siku hizo ndizo miti ya sakura inapochanua maua yasiyodumu zaidi ya juma moja au mawili, imekuwa ada kwa vijana wa huko, wapigao magitaa ya umeme, kuyafungamanisha mahaba na majira ya machipuko, hata bendi changa inayotoa wimbo wake wa kwanza haioni haya kuanzia hapo. Ada hiyo siioni kuwa na ila. Mtunzi ameagana na mpenzi wake langoni mwa shule huku maua yakipukutika, akayaimba aliyoyaona.

Lililonikera, hata nikatenga toleo hili zima kwa nyimbo za mwanzo za watungaji, ni kwamba tungo nyingi za vijana wetu wa hapa Kindu, Maniema, zilizofika mezani petu zimejaa machipuko hayo hayo, waliyoyaokota katika vitabu vya Kifaransa vya darasani, ilhali mji huu, ulio takriban nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, haujapata kuiona theluji wala kungoja majani yarudi mitini.

Kwani sisi hatuna majira ya kuagana? Mitihani ya Serikali ikiisha, na kiangazi kikishika hata mchanga wa Lualaba ukajitokeza kando ya maji, wanafunzi hutawanyika: huyu arudi Kasongo, yule Kibombo, mwingine ateremke mto kwa boti hadi Ubundu, na wa nne akae stesheni akingoja treni ya kusini ambayo hakuna awezaye kumwambia itaondoka lini. Binti wa Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto, hukaa katikati ya mtumbwi, madaftari yake yamefungwa katika mfuko wa plastiki yasilowe, na kijana aliyebaki upande wa Kasuku humtazama mpaka asiweze tena kumtofautisha na abiria wengine. Hapo pana wimbo, wallahi, na bado hatujauona katika karatasi tulizoletewa.

Mfano wa wimbo wa namna hiyo tunao: marehemu mwimbaji Wendo Kolosoy, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufanya kazi ya ufundi wa mashine katika meli za mto kabla jina lake halijaenea, aliingia studio ya Ngoma, iliyofunguliwa Léopoldville na Mgiriki Nicolas Jéronimidis, akaimba »Marie-Louise« mwaka 1948. Santuri za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu tu. Basi ndani ya nafasi hiyo finyu alimtaja mwanamke kwa jina la ubatizo la kawaida, kama majina yaliyojaa katika madaftari ya misioni, akasemezana na mwenzake Henri Bowane, sauti ikapaa na kuvunjika kwa namna aliyoijua yeye, kisha gitaa la Bowane likapewa uwanja wake, ule ambao warithi wao wameuita sebene na kuurefusha hadi leo. Inasimuliwa kwamba watu waliamini wimbo huo ukipigwa usiku wa manane huwaamsha wafu, na kwamba wakuu wa dini walichukizwa nao. Mimi nausadiki uzito wa uvumi huo kuliko sifa zozote za wahakiki, maana watu hawamzulii mwimbaji karama kama hiyo ila amewagusa mahali panapouma.

Na sisi wa Maniema hatuna udhuru wa ufukara wa lugha, maadamu Kiswahili kilitia nanga Nyangwe na Kasongo tangu zama za misafara, kikaleta msamiati wa huba na ashiki ambao washairi wa pwani waliutunza kwa karne nyingi.

Kurasa zinazofuata zina tungo chache tulizozichagua kwa sababu zimetaja kivuko, mvua, stesheni au soko kwa majina yake. Wengine wanaotaka kushiriki toleo lijalo watuletee wimbo wao wa kwanza, hata kama wanauona mchanga, na chini yake waandike mwezi walioutunga na ng'ambo ya mto walikokuwa.