Mjumbe wa shina si wa kampeni tu

Mjumbe wa shina wa CCM wa Mbagala au Bunju hulipia kadi, hupanga viti vya mkutano, hupandisha bendera. Uchaguzi ukipita, akimpigia diwani simu haipokelewi. Katibu wa tawi naye humtupia mpira katibu kata.

Hata kura za ndani ya chama zina mipaka. Julai 2020 Josephat Gwajima, aliyewania ubunge, hakuongoza kura za maoni za CCM jimbo la Kawe, lakini baadaye vikao vya juu vikamteua kugombea. Taratibu za chama ziliruhusu, sawa. Lakini aliyepiga kura anastahili kupewa sababu.

Kata za Kinondoni na Temeke ziitishe wanachama. Mbunge na diwani wakae mbele, waulizwe kuhusu mitaro na barabara walizoahidi. Na posho isigawiwe mlangoni.