Kabla Hujajiita Mchawi

Wasee, naona wengi mnaanza mambo ya karata za taroti, mishumaa na kristali. Sina shida. Zangu ziko chini ya mto, na mathe hajui. Ukitaka kuanza, nunua daftari tu: andika karata uliyovuta na vile ulikuwa unajiskia.

Lakini hilo neno "mchawi" kwa akaunti yako? Gerald Gardner alitangaza Wicca kwa kitabu cha 1954, Uingereza ikiwa imeshafuta sheria yake ya uchawi 1951. Sheria ya Kenya ya kupiga uchawi marufuku ni ya 1925. Na Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa tu. Nyanyangu yuko Kilifi. Ana mvi kichwa kizima. Akiitwa hivyo, hatalala kwake.