Mbio za Kasese: mji wa misiba unavyojipatia jina lingine, na somo kwa Beni na Butembo

Kila mwaka tangu 2022, kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, huachia barabara zake watu wanaokimbia kwa miguu. Ni marathoni ya Rwenzori. Wanaokimbia si wanariadha wa kazi peke yao. Wamo wafanyakazi wa maofisi kutoka Kampala, vijana wa shule, na wakaaji wa Kasese wenyewe.

Kwa msomaji wa Beni, Butembo ao Kasindi, habari hii si ya mbali. Mlima ni mmoja, na kilele chake cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko juu ya mpaka wa nchi zetu mbili. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa huku ni ndugu, wanasikilizana bila mkalimani. Ndiyo maana inafaa kuuliza: ni kwa namna gani mbio za miaka michache tu zimekubaliwa na mji wenye majeraha mengi? Na upande wetu tunaweza kujifunza nini?

Mji uliozoea habari mbaya

Kwa miaka mingi, jina la Kasese lilisikika kwenye redio siku ya msiba. Novemba 2016, mapigano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu yaliua zaidi ya watu 100. Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu hospitali ya Kilembe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari huko Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wetu, na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi.

Chini ya miezi mitatu baada ya mauaji hayo, mbio za mwaka wa pili zilifanyika. Wangeziahirisha, hakuna ambaye angewalaumu. Lakini kuziacha kungekuwa pia kukubali kwamba wilaya nzima ni mahali pa kukimbiwa. Wageni walifika, na wakaaji walisimama kando ya barabara kuwapigia makofi.

Faida inayotembea barabarani

Aliyeanzisha mbio hizi ni Amos Wekesa, mfanyabiashara wa utalii wa Uganda. Hesabu yake si ngumu kuelewa. Rwenzori ni mlima wa tatu kwa urefu Afrika, lakini wanaoupanda ni wachache sana kuliko wanaokwenda Kilimanjaro. Huko Moshi, Tanzania, marathoni ya Kilimanjaro ilianza 2003, na leo inakusanya zaidi ya watu 10,000. Mbio zinaweza kuleta mgeni ambaye hana nguvu wala pesa za kupanda hadi kwenye barafu.

Mgeni wa marathoni hafiki asubuhi na kuondoka saa sita. Anafika siku moja mbele, analala, anakula, anapanda moto, ananunua matunda na maji. Vitanda vya hoteli vikijaa, anatafuta chumba kwa watu. Pesa yake inapita mikononi mwa mama wa sokoni, motari na mpishi. Tamasha la ndani ya uwanja hufaidisha zaidi wenye uwanja. Mbio za barabarani zinapita mbele ya mlango wa kila mtu.

Jambo la pili ni urefu wa mbio. Marathoni kamili ni kilometa 42 na mita 195, na wachache tu katika mji wowote wanaweza kuimaliza. Kasese kuna pia kilometa 21, 10 na 5. Hizo 5 ndizo zinazoleta jamii: mwalimu, mama na mtoto wake, mzee anayetembea polepole. Kama kungekuwa na kilometa 42 peke yake, mji ungebaki mtazamaji.

Kile ambacho mbio haziwezi

Tusidanganyane. Mbio hazimalizi vita. Ugomvi wa serikali na ufalme wa Rwenzururu haukutulizwa na wakimbiaji. Ulitulia kwa mazungumzo, na mashtaka ya mfalme Charles Mumbere yalifutwa Juni 2023. ADF nao hawakuogopa fulana za wakimbiaji: Oktoba mwaka huo huo waliua watalii wawili na kiongozi wao katika mbuga ya Queen Elizabeth, si mbali na Kasese.

Kuna pia maswali ya haki. Mdhamini mkubwa akiwa kampuni ya bia, kama ilivyo Kasese, mbio zinakuwa tangazo lake pia. Bei ya kujiandikisha ikipanda, mkaaji maskini atabaki kando ya barabara kupigia makofi wageni. Na barabara ikifungwa, motari na mchuuzi wanapoteza masaa ya kazi. Mbio zinazodumu ni zile ambazo watu hawa wameulizwa mapema.

Na upande wetu?

Watu wa kukimbia tunao tayari. Goma, Bukavu ao Butembo, alfajiri, vikundi vya vijana hukimbia barabarani wakiimba. Hakuna aliyewalipa wala kuwapa fulana. Jamii yenye tabia hiyo ina mbegu ambayo miji mingi inaitafuta kwa pesa.

Kinachokosekana ni barabara yenye usalama. Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua pale mpakani kazi ya kujenga barabara za kilometa 223 katika Kivu Kaskazini, zikiwemo kilometa 80 za Kasindi hadi Beni. Umbali huo unakaribia marathoni mbili. Lakini kwa msafiri wa njia hiyo, kilometa huhesabiwa kwa hofu ya kuviziwa na magari kuchomwa. Kasindi yenyewe haijasahau bomu lililolipuka kanisani tarehe 15 Januari 2023.

Kwa hiyo haina maana kuanza na kilometa 42. Mji wa Beni ao Butembo unaweza kuanza na 5, ndani ya mitaa inayolindwa, siku moja inayojulikana kila mwaka. Mashule, makanisa, misikiti na chama cha wamotari wakae meza moja tangu mwanzo. Hesabu ya pesa isomwe mbele ya watu, maana kwetu kazi nyingi nzuri zimekufa kwa sababu ya pesa zisizoelezwa.

Urefu utaongezeka kadiri barabara inavyorudi mikononi mwa raia. Katika marathoni, kijana wa kujitolea husimama peke yake masaa mengi, mbali na mji, akingoja kumpa mkimbiaji maji. Siku mzazi wa Beni atakapomruhusu mtoto wake asimame hivyo kwenye njia ya Kasindi bila kuhangaika, tutajua kwamba mengi yamebadilika, hata kabla ya mkimbiaji wa kwanza kufika.