Kabla useme ni muziki wa shetani, uliza wanamtaja nani

Hebu jaribu hii. Panda matatu pale Kitale, ile ya kwenda Bungoma, umwombe dereva akuchezee "The Adept", albamu ya Lord Spikeheart. Hamtafika Kiminini. Kondakta atakuwa ameshazima redio, mama wa kiti cha mbele ameshakemea pepo, na jamaa wa nyuma anauliza kama injini imekufa.

Siwalaumu. Hiyo ni kelele, tusidanganyane. Ngoma za kompyuta zinamwagika kama mvua ya mawe kwenye mabati, na juu yake kuna mtu anapiga mayowe utadhani amebanwa na mlango. Ndiyo hevi metali hiyo, tena ile ya upande mkali kabisa.

Lakini mimi nina swali moja kwa kila mtu anayekimbilia kusema "muziki wa shetani". Unajua hiyo kelele inamtaja nani?

Lord Spikeheart ni Martin Khanja, Mkenya. "The Adept" ilitoka Aprili 2024, kwa lebo yake mwenyewe aliyoiita Haekalu, jina ambalo mtu wa Kiswahili hawezi kulisoma bila kuona hekalu ndani yake. Na albamu hiyo ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, anayemtaja kama nyanya mkuu wake.

Kama jina hilo halikuambii kitu, tulia nikueleze. Muthoni ndiye mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Aliingia msituni akiwa bado msichana wa miaka ishirini na kitu, na hakutoka hadi Kenya ilipopata uhuru 1963. Nywele zake za msituni alizibeba kichwani karibu miaka 70. Zilinyolewa Aprili 2022, na aliyemnyoa alikuwa Mama Ngina Kenyatta. Mwaka uliofuata, Septemba 2023, Muthoni akaaga dunia.

Sasa rudi kwa yale mayowe. Unataka mtu amwimbie mwanamke wa aina hiyo kwa gita laini na kinanda? Mtu aliyekula mizizi, akalala kwenye baridi ya Nyandarua, akawindwa kama swara kwa miaka? Wimbo mtamu ungekuwa uongo. Msitu wenyewe haukuwa mtamu.

Hapo ndipo wengi wanakosea kuhusu metali. Wanadhani kelele ni pambo, ati vijana wanataka tu kutisha wazazi. Mara nyingi kelele ndiyo habari yenyewe. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sitakuja hapa na nadharia. Nitakuja na mifano.

Kabla ya kuimba peke yake, Khanja alikuwa na Sam Karugu kwenye kundi la watu wawili linaloitwa Duma. Kwa Kiswahili duma ni yule mnyama wa mbio. Kwa Gikuyu, na ndiyo maana waliyoikusudia, ni giza. Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina hilo hilo, ilitoka Agosti 2020 chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kuna wimbo humo unaitwa "Uganda with Sam", na huo hauhitaji mkalimani. Sam ni Karugu, na Uganda ndiko walikoenda kurekodi. Fikiria hilo kidogo. Vijana wa Nairobi, mji wenye studio kila kona, wanavuka mpaka ndipo mtu awarekodie muziki wao. Moja ya njia za kwenda Kampala ni hii yetu, inayopita Webuye na Bungoma hadi Malaba. Barabara tunayouzia mahindi ya kuchoma.

Halafu kuna "Pembe 666". Mkristo akiona jina hilo anafunga masikio, na ndipo nashangaa, maana namba hiyo haikutoka kuzimu. Imetoka kwenye Biblia yake. Ufunuo sura ya 13 ina mnyama anayetoka baharini akiwa na pembe kumi, na mstari wa 18 ndio wenye 666. Kwenye "The Adept" nako kuna wimbo unaoitwa "Verbose Patmos". Patmos ni kile kisiwa ambako Yohana anasema alikuwa alipoonyeshwa maono hayo. Yaani huyu msee mnayemwita wa shetani amesoma kitabu cha mwisho cha Biblia kuliko wengi wetu tunaosinzia ibada ya pili.

Na Ufunuo, kama umewahi kuusoma bila mhubiri kukusomea, ni kitabu cha watu walioonewa na dola kubwa. Walijificha kwenye picha za wanyama na pembe kwa sababu kutaja jina la mfalme kungewaua. Mtu ambaye ukoo wake ulipigana na dola la Kiingereza akichukua picha hizo hizo, mimi sioni ushetani. Naona mtu aliyekuta lugha inayomtosha.

Kuna watakaosema metali ni ya wazungu, sisi tunaiga. Sawa, tuanzie kwa wazungu wenyewe. Black Sabbath, waliotoa albamu yao ya kwanza 1970, walikuwa vijana wa Birmingham, mji wa viwanda Uingereza. Mpiga gita wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Ili aendelee kupiga alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Nyuzi zikilegea, sauti inashuka, inakuwa nzito. Ule uzito ambao dunia nzima inauita metali una deni kwa kidole cha kibarua.

Sasa niambie hiyo hadithi ni ya mbali. Muulize mtu yeyote wa Webuye kuhusu Pan Paper. Harufu yake ilikuwa inakupokea kabla ya mji. Mashine zililisha familia, zikasomesha watoto, halafu 2009 kiwanda kikafungwa na mji ukabaki kama nyumba iliyohamwa. Birmingham walipata Black Sabbath. Webuye tulipata nini? Wimbo gani umewahi kusikia unaokueleza siku ile bomba la moshi lilipoacha kutoa moshi?

Hapa ndipo nataka tufike, wasee wa Bungoma na Trans Nzoia. Sisi hatuna upungufu wa hadithi nzito. Tuna upungufu wa watu wa kuzipigia kelele.

Juu ya Webuye kuna kilima cha Chetambe. 1895 Wabukusu walijifungia kwenye ngome yao ya udongo pale, wakakabiliana na bunduki za Waingereza. Waliokufa ni wengi. Leo watu wanapita chini ya kilima hicho kwa basi wakitazama TikTok.

Tuna Elijah Masinde wa Kimilili. Kwanza alikuwa mchezaji wa kandanda, aliichezea Kenya kwenye Kombe la Gossage. Baadaye akaongoza Dini ya Msambwa, akawaambia wazungu waondoke na watu warudie mizimu ya babu zao. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake pale Malakisi, watu 11 wakafa. Mwaka huo huo dini hiyo ikapigwa marufuku, naye akapelekwa kizuizini Lamu, mwisho mwingine wa nchi. Uhuru ulipokuja, serikali yetu wenyewe nayo ikamfunga. Alikufa 1987. Ukimtajia kijana wa leo jina Masinde, atakwambia, "Yule wa uwanja wa Kanduyi?" Hapana, buda. Huyo ni Masinde Muliro, mwanasiasa. Tumechanganya hata majina.

Na Kitale je? Mji ulionyanyuka kwenye mashamba makubwa ya walowezi, ambako babu zetu waliishi kama maskwota kwenye ardhi waliyoilima. Hizo albamu ziko wapi?

Nisikie mtu akisema muziki mkali si utamaduni wetu. Huyo hajawahi kulala Bungoma mwezi wa Agosti, mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana anayekwenda kutahiriwa anatembea na chinyimba mikononi, anagonga chuma kwa chuma, kijiji kizima kinamfuata kikiimba usiku, na alfajiri anapotolewa mtoni amepakwa matope hadi hujui ni nani. Wimbo anaoimbiwa asubuhi hiyo haujatungwa umfariji. Umetungwa umtie hofu aone kama atasimama. Chuma, matope, hofu na ujasiri. Wazungu wanalipia tiketi wakaone hayo kwenye jukwaa.

Kisha kuna kumuse. Mzee wa heshima akishazikwa, msemaji anasimama mbele ya watu na fimbo yake, anatembea akisema, na hakuna anayemkatiza. Anataja tulikotoka, vita, koo, nani alikosea, nani alisimama imara. Hajali kama utaumia. Mimi nikisikiliza "The Adept" nikijua ni ya Muthoni, kitu kilicho karibu zaidi nacho ni kumuse. Jamaa amesimama juu ya kaburi la mkubwa wake, anataja.

Tusije tukatakatifisha kila kitu pia. Maneno mengi kwenye nyimbo hizi huyasikii, unayasoma ndipo ujue. Na kuna wimbo mmoja wa Duma ambao jina lake linamwambia msikilizaji ajiue kabla hajauawa. Naelewa ni hasira, naelewa metali inapenda kuchungulia shimoni. Lakini tumezika vijana wa rika letu, na jina hilo silitetei. Kama uko mahali ambapo maneno hayo yanakuita, zima simu utafute mtu, leo, si kesho. Kuupenda muziki si kukubali kila neno lake.

Lakini mabaya hayo hayafuti jambo kuu. Kijana amechukua jina la mwanamke aliyepigania nchi, ambaye vitabu vya shule vinampa mstari mmoja ukibahatika, akalipeleka kwa watu ambao hawangeweza hata kuionyesha Nyeri kwenye ramani. Amefanya hivyo bila kuomba ruhusa ya wizara wala kungoja Siku ya Mashujaa.

Kuna hesabu moja tu inayoniuma. Muthoni alikufa Septemba 2023. Albamu ikatoka Aprili 2024. Miezi saba. Ilipotoka, hakuwepo tena.

Kwa hivyo, kama una kuka au kukhu aliye hai Kimilili, Malakisi, Chwele, Kiminini au Endebess, ambaye baba yake alikuwa maskwota, ama alimwona Masinde kwa macho, ama alifanya kazi Pan Paper hadi siku ya mwisho, simu unayo. Nenda wikendi hii na sukari kilo mbili. Washa kinasa sauti, uliza, halafu unyamaze. Ukisha kurekodi, mpelekee yule rafiki yako anayetengeneza biti kwa laptop. Iwe metali, iwe litungu, iwe vyote viwili, hiyo ni juu yenu.

Kama itakuwa kelele, iwe kelele. Ila anapokuuliza kondakta huo ni upuzi gani unaucheza, uwe na jina la kumpa.